Mwanagenzi, Bima Iko Wapi?

Wahenga walinena kuwa ajali haina kinga. Naam, lakini hasara yake ina bima! Wenzangu, sheria yaruhusu leseni ya gari kuanzia miaka 18. Basi likizo ikifika, mwanagenzi huazima pikipiki ya mjomba na kuitimua kutoka Migori, Rongo, hadi Homa Bay. Je, ameuliza bima?

Sura ya 405 ya sheria za Kenya yadai kila chombo cha moto barabarani kiwe na bima ya mtu wa tatu. Ukimgonga mama muuza samaki, hiyo humfidia yeye, wala si wewe. Tena bima nyingine hazimtambui mwanagenzi! Hapo ng'ombe wa baba watauzwa.

Kwa maoni yangu, tusome masharti ya bima kwanza, ndipo tushike usukani. Jamani, ng'ombe wamekosa nini?