Aliyekimbia Ahukumiwe kwa Lipi?

Neno la Mhariri

Katika mwambao wa Tanganyika upande wa Burundi, kuanzia Minago kushuka Rumonge mpaka Nyanza-Lac, ni nadra kukuta ukoo ambao haujawahi kukimbia. Watu walikimbia 1972, wakakimbia tena 1993, na wengine 2015. Kila mara kuna aliyeondoka na kuna aliyeachwa. Aliyeachwa huhurumiwa. Aliyeondoka hukatiwa hukumu, tena hukumu fupi: baba gani yule?

Toleo hili linaikatia rufaa hukumu hiyo.

Jarida halisemi kwamba kila aliyekimbia ana haki. Linachosema ni kwamba dakika ile ya kwanza, mtu anaposikia mayowe na miguu ikamtoa nje kabla hajajua anakwenda wapi, ni ushahidi dhaifu mno wa kupimia utu wake. Ushahidi mzito upo katika siku na miaka iliyofuata. Je, alirudi? Alitafuta? Alipoulizwa, alisema kweli?

Tuanze na tarehe 29 Aprili 1972. Ilikuwa Jumamosi, na mwezi ulikuwa umetimia usiku mmoja kabla. Anayeujua uvuvi wa ndagala anajua maana yake: wakati wa mbalamwezi mwanga wa karabai hauvuti samaki, kwa hiyo wavuvi hupumzika na mitumbwi hulala ufukweni. Jioni hiyo, wakati ambapo wavuvi wengi wangekuwa nyumbani, waasi wa Kihutu walivamia Rumonge, Nyanza-Lac na Bururi wakiwa na mapanga, wakaua Watutsi, wakubwa kwa wadogo. Mamia walikufa. Waliowahi kutoka walikimbia, kila mmoja kwa njia aliyoiona. Siku chache baadaye upepo ukageuka. Jeshi la Rais Michel Micombero, likisaidiwa na vijana wa chama tawala, likaanza kuwaua Wahutu nchi nzima, na mauaji hayo yakaendelea mpaka katikati ya mwaka. Waliouawa wanakadiriwa kuwa kati ya 100,000 na 300,000. Wengine wapatao 150,000 walivuka mipaka, wengi wao wakaingia Tanzania, ambako baadaye walijenga maisha mapya Ulyankulu, Katumba na Mishamo.

Katika wimbi hilo la pili, aliyesakwa kwanza alikuwa mwanamume, hasa mwenye kisomo: mwalimu, karani, muuguzi, mwanafunzi, askari. Orodha za majina zilitembea. Mtu wa namna hiyo akibaki nyumbani, anawaleta wauaji mpaka kitandani kwa watoto wake. Akitoka peke yake usiku, huenda anawavuta mbali na nyumba, na huenda pia anaokoa roho yake tu. Kwa jirani anayechungulia dirishani, mambo hayo mawili hayana tofauti: anamwona mwanamume mmoja anapotelea migombani. Nia yake jirani haioni, lakini ndiyo anayoihukumu.

Kuna pia hesabu ya mtumbwi. Mtumbwi wa kuchonga uliokwisha kujaa hauongezeki upana kwa sababu nahodha ana moyo mwema. Ziwa hili lina kina cha karibu mita 1,470, na upepo wake huchafuka ghafla hata kwa mvuvi mzoefu. Kuelekea Ubwari na Fizi upande wa Kongo, au kusini kuelekea Kigoma, kuna watu waliolazimika kuamua katika muda wa kufumba na kufumbua ni nani apande na nani angoje mtumbwi mwingine ambao hakuna aliyejua kama ungekuja. Lawama inapofika kijijini miaka 30 baadaye, hesabu hiyo huwa imeshaondolewa. Hubaki kwamba fulani alipanda na fulani hakupanda.

Wengi huamini kwamba hofu humfanya binadamu asahau walio wake. Waliochunguza maafa wamekuta mengine. Tarehe 2 Agosti 1973 jumba la starehe la Summerland katika Kisiwa cha Man liliungua, na watu 50 wakafa. Mtafiti Jonathan Sime alichambua maelezo ya walionusurika, akaona kwamba jamaa waliokuwa pamoja walielekea kutoka pamoja, na kwamba wazazi waliotengana na watoto wao waliwatafuta kwanza, hata njia ya kutokea ilipokuwa karibu. Mwanasosholojia Enrico Quarantelli wa Marekani, aliyeshughulika na maafa tangu miaka ya 1950, alifikia msimamo wa aina hiyo: mbio za kila mtu na lwake ni nadra kuliko sinema zinavyotuaminisha. Kwa hiyo, tunapomwona mzazi aliyefika salama bila mtoto, dhana ya kwanza ingepaswa kuwa kwamba walipotezana. Mkono uliteleza katika umati, mmoja akashika njia ya mlimani na mwingine ya ziwani. Aliyetupa mtoto makusudi yupo, lakini ni mmoja katika wengi.

Lawama yenyewe haina hata msimamo. Mei 2015, machafuko ya muhula wa tatu wa Rais Pierre Nkurunziza yalipopamba moto, kijiji cha wavuvi cha Kagunga, ng'ambo kidogo ya mpaka wa Tanzania, kilijikuta kimebeba watu zaidi ya 50,000. Kagunga ni ufuko mwembamba uliobanwa kati ya maji na milima. Chakula na maji safi vikapungua, kipindupindu kikaingia. Meli kongwe ya Liemba, iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913, ikawa inawasomba watu 600 hivi kwa safari kuwapeleka Kigoma. Wengi wao walikuwa wanawake na watoto, kwani akina baba wengi walibaki nyuma kulinda nyumba na shamba. Kwa kipimo kinachotumika kwa waliokimbia 1972, hao waliobaki ndio wanaume kweli. Kwa macho ya mama aliyelala mchangani Kagunga na mtoto anayeharisha, wao ndio waliomwacha. Ukibaki una kosa, ukiondoka una kosa.

Halafu kuna mawese. Rumonge ni nchi ya michikichi, na michikichi ni fedha. Baada ya 1972, mashamba mengi ya waliokimbia yaligawiwa watu wengine, mengine kwa mkono wa serikali yenyewe. Kukimbia kulichukuliwa kama kukiri kosa: asiye na hatia angekimbia nini? Sheria ya ardhi ya 1986 ikaja kumlinda aliyekalia shamba kwa miaka 30, na kwa walioondoka 1972 miaka hiyo ilitimia 2002, wakati vita vilivyoanza 1993 vilikuwa bado vinawazuia wengi kurudi. Mkataba wa Arusha wa tarehe 28 Agosti 2000 uliahidi kwamba wakimbizi watarudishiwa mali zao au watafidiwa, na mwaka 2006 ikaundwa tume ya taifa ya ardhi na mali nyingine, maarufu kwa kifupi cha CNTB. Mbele ya meza kama hiyo neno "alikimbia" lina bei yake. Anayelitamka dhidi ya mwenziye mara nyingi anasimama juu ya udongo wa huyo mwenziye, na msikilizaji ana haki ya kuliangalia hilo kabla ya kutikisa kichwa kwa uchungu.

Wahenga walikwisha kumwekea mwoga wakili: kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Wanadini nao wana ya kukumbuka. Katika vita vya Uhud, mwaka 625, baadhi ya masahaba walimgeuzia adui mgongo, na Kurani katika sura ya Al Imran inatangaza kwamba Mungu amewasamehe. Katika bustani ya Gethsemane wanafunzi wote walikimbia, na Marko anasimulia habari za kijana mmoja aliyeiacha shuka mikononi mwa waliomkamata akatoroka uchi. Wakimbizi hao hao ndio waliokuja kuubeba ujumbe mpaka mwisho wa maisha yao. Jumuiya zote mbili zilijengwa na watu ambao saa ile ya kwanza miguu iliwashinda.

Anayeshikilia kwamba mwenye mapenzi hawezi kukimbia humtaja shujaa. Mashujaa wapo, na wanastahili sifa. Tarehe 21 Septemba 2013 Abdul Haji aliingia jengo la maduka la Westgate, Nairobi, lililokuwa limevamiwa na magaidi, baada ya kupata ujumbe wa kaka yake aliyekuwa amenaswa ndani, akasaidia kuwatoa watu wasiomhusu kwa lolote. Lakini Haji alikuwa na bastola anayoimiliki kihalali na alijua kuitumia. Ushujaa wake ulikuwa na nyenzo. Kumchukua yeye kuwa rula ya kumpimia mama asiye na kitu mkononi isipokuwa mtoto mchanga ni kumdhulumu mama huyo, na ni kumpunguzia Haji pia, kwa sababu tunajifanya kwamba alichofanya ni jambo la kawaida.

Wapo wanaostahili kuhukumiwa kwa ukali. Nahodha, askari, kiongozi wa tarafa: hawa walipokea cheo kwa sharti kwamba siku ya hatari watakuwa wa mwisho kuondoka. Yupo pia aliyekimbia kisha akajivunia. Tetemeko la Sichuan, China, la tarehe 12 Mei 2008 lilimkuta mwalimu Fan Meizhong darasani, akatoka mbio akawaacha wanafunzi wake. Wote walinusurika. Siku chache baadaye aliandika kwamba katika hali ile hata mama yake mzazi asingemwokoa, labda binti yake tu. Ndipo nchi ilipomgeukia na kazi ikamponyoka. Mbio zake zingeweza kusameheka. Kilichowachoma watu ni yale aliyoyaandika akiwa ametulia, na kwa maoni ya jarida hili hapo walilenga panapostahili.

Swali gumu zaidi ni la aliyeachwa. Binti aliyebaki Minago mwaka 1972 akiwa na umri wa miaka saba, akalelewa na shangazi huku akijua kwamba baba yupo Katumba na mke mwingine, ana kesi halali. Hakuna mwanasosholojia wa kumfutia machungu yake, na mhariri hana ubavu wa kumwambia asamehe. Ila kesi hiyo ni yake. Jirani aliyekuwa amejificha chini ya kitanda chake usiku uleule hana hati ya kuiendesha, wala mjukuu aliyezaliwa amani imekwisha kurudi.

Makala zilizokusanywa humu zinafuata njia hiyo. Zinasikiliza waliorudi na waliowakuta nyumbani, zinaingia kwenye migogoro ya michikichi, na zinakwenda gatini kuwapokea Wakongo. Mwanzoni mwa 2018 maelfu yao walikuja kutoka Fizi kwa mitumbwi iliyojazana. Desemba 2025, waasi wa M23 walipoingia Uvira, Kongo, makumi ya maelfu wengine walikimbilia Burundi. Katika kila kundi wamo waliofika bila mume, bila mtoto, bila bibi.

Huduma ya Msalaba Mwekundu ya kutafuta jamaa waliopotezana huwauliza watu hao mambo machache: jina la unayemtafuta, majina ya wazazi wake, umri wake, mlionana mara ya mwisho wapi na lini, mlitenganaje. Hayo yanaulizwa ili apatikane. Jarida linapendekeza wenyeji wa Minago, wanaojua ukimbizi kuliko wengi, waanzie na maswali hayohayo wanapompokea mgeni wa ziwani au ndugu aliyerudi kutoka Mishamo, na swali la kwa nini alimwacha wamwachie atakayepatikana.