Onyo Lisilofika: Majina ya Shule Katika Intaneti

Shule ya kulipia iliyoko Mbagala au Mwananyamala hukumbuka leseni yake, kodi ya jengo na hata mafuta ya jenereta. Ni nadra kulikumbuka jina lake la intaneti, ambalo nalo ni kitu cha kupanga. Jina la kikoa halinunuliwi moja kwa moja: husajiliwa kwa muda, aghalabu mwaka mmoja mmoja, na lile la .com haliwezi kulipiwa zaidi ya miaka 10 kwa mkupuo.

Kompyuta hutafutana kwa namba, si kwa majina. Mfumo wa kuyageuza majina kuwa namba ulibuniwa mwaka 1983 na Mmarekani Paul Mockapetris. Muda wa jina ukiisha, jina huweza kuzimwa. Lakini seva za kampuni za simu huenda zikawa zimehifadhi jibu la zamani kwa saa kadhaa. Ndiyo maana mzazi wa Tandika huweza kuifungua tovuti ya shule wakati mwenzake wa Kinondoni anaambiwa haipo, na ofisi ikaulaumu mtandao siku nzima, ilhali jina limekwisha kufa.

Kwa majina ya .com, wakala wa usajili ana hiari ya kumngoja mwenye jina hadi siku 45, ingawa wapo wanaolinadi mapema. Hufuata siku 30 za kulikomboa kwa gharama kubwa zaidi, kisha siku 5, na baada ya hapo mtu yeyote aweza kulichukua. Mgeni huyo ataweza kupokea barua pepe zilizoandikiwa shule, na akiwa mwovu ataweka fomu za kujiunga zenye namba yake mwenyewe ya kulipia ada. Majina ya .sc.tz yametengewa shule, na hilo hupunguza hatari hiyo. Halizuii tovuti kuzimika.

Ukata si sababu kuu. Desemba 1999 kampuni ya Microsoft iliacha jina passport.com bila kulipiwa dola 35, na watumiaji wa Hotmail wakashindwa kuzifikia barua zao, hadi Michael Chaney, mtunga programu asiyekuwa mfanyakazi wake, alipolipa siku ya Krismasi.

Swali ni moja: onyo hutumwa kwa nani? Mara nyingi jina limesajiliwa kwa anwani ya kijana aliyetengeneza tovuti, naye amekwisha kuhama. Au, jambo ambalo lingechekesha kama lisingekuwa la hasara, anwani yenyewe iko chini ya jina lile lile. Likizimika, onyo nalo halifiki. Wengine hutegemea malipo yanayokatwa yenyewe kwenye kadi ya benki, wakasahau kwamba kadi nayo ina tarehe ya mwisho.

Kazi hii haifai kuachiwa fundi. Usajili uwe kwa jina la shule, wenye anwani mbili za ofisi, moja ikiwa nje ya kikoa hicho. Tarehe ya mwisho ya jina ni kumbukumbu ya wazi. Wanafunzi wa Kidato cha Tatu wanaosoma kompyuta waweza kuitafuta kila mwezi, kuhesabu siku zilizobaki na kuziandika kwenye ubao wa ofisi ya walimu, kando ya ratiba ya zamu. Zikibaki 60, mhasibu alipe.