Exetat: kuchagua jibu siyo kujua hesabu

Mwaka wa masomo unaelekea mwisho, na hapa Bukavu katika nyumba nyingi ulizo ni moja: mtoto amejitayarisha kwa mtihani wa serikali ao bado? Exetat ilianza 1967, na bila ile diploma mlango wa chuo kikuu unabaki umefungwa. Basi wanafunzi wanalala wakirudilia itemu za miaka iliyopita. Lakini je, wanajifunza hesabu, ao wanajifunza kuchagua?

Tuchukue mfano. "Mteremko wa mita 20 unafanya pembe ya digrii 30 na usawa. Kwenye ramani una urefu gani?" Majibu: 10, 11,5, 17,3, 20, 23,1.

Hayo majibu mabaya hayakuwekwa ovyo. Mwenye kuchukua sinusi anapata 10, na ile ni kimo. Mwenye kuchukua tanjanti anapata 11,5. Mwenye kugawanya pahali pa kuzidisha anapata 23,1. Kila kosa limeandaliwa kiti chake, na mwanafunzi akiona hesabu yake iko kwenye orodha, anafurahi na kuendelea.

Dawa ni kuchora. Mteremko ndio upande mrefu wa pembetatu mraba. Tunatafuta upande wa chini, ule unaogusa pembe: ni kosinusi. 20 × 0,866 ni 17,3. Kisha kuhakikisha na Pythagore: 10 mara 10 ni 100, 17,3 mara 17,3 ni karibu 300. Pamoja ni 400, ni kusema 20 mara 20. Sasa unajua, haubahatishi.

Kuna watakaosema: "Itatusaidia nini, ile kosinusi?" Waangalie milima yetu. Mtu anauza parseli, wanapima na mita juu ya udongo: 20 kuteremka mlima, 15 kwa upana. Wanaandika mita za mraba 300. Siku mpimaji wa kadastre anakuja, yeye anapima kwa usawa, kama ramani inavyotaka. Kama mteremko ni digrii 30, anapata 17,3 kwa 15: karibu 260. Mita 40 zimeenda wapi? Mnunuzi anafikiri jirani amesogeza mpaka. Wanafika kwa shefu wa kartiye, halafu tribinali, na pesa ya masomo ya watoto inaishia mule. Kumbe hakuna aliyeiba. Ni mlima.

Kweli, siyo kila mlima uko hivyo. Kwa digrii 10, zile mita 20 zinapunguka sentimita 30 tu. Lakini ni hesabu inayokuonyesha wakati gani wa kujali.

Hatusemi itemu ni mbaya. Kwa watahiniwa wengi namna ile, njia hii inasaidia kusahihisha haraka na kwa kipimo kimoja. Shida inakuja wakati shule nayo inafundisha kama karatasi ya majibu, ambayo haina nafasi ya kuonyesha kazi. Mwalimu mwenye darasa lililojaa hana muda wa kusoma hatua za kila mmoja, kwa hiyo anaangalia jibu la mwisho. Na pale jibu peke yake lina bei, anapatikana wa kuliuza kwa telefone.

Mwalimu anaweza kuanza na kidogo: ulizo moja kila juma, bila majibu ya kuchagua, na pointi zigawanywe kwa mchoro, hatua na kuhakikisha. Mzazi naye, hata kama hakusoma trigonometria, aulize mtoto: "Umepataje?" Akishindwa kueleza, bado hajajua, hata kama jibu ni sawa. Juu siku ya kununua parseli, hakuna atakayemwandikia majibu matano chini ya mlima.