Mkalimani Mwepesi na Mkato Wetu

Katika Fakulte yetu tunafundishwa tangu mwaka wa kwanza kwamba mkalimani anayeruka nusu ya maneno ili amalize haraka hastahili kusifiwa kwa wepesi wake. Ni mkalimani mbovu. Lakini kuna mkalimani mwingine anayefanya kazi kila siku ndani ya programu za simu tunazobeba mfukoni, kutoka Makiso mpaka Lubunga, na kazi yake hatujawahi kuikosoa. Husoma maagizo yaliyoandikwa kwa JavaScript na kuyafanya yaeleweke na mashine. Wahandisi nao humwita mkalimani, na wakimsifu husema kwamba ni mwepesi. Mimi nasema kwamba kasoro zake zinazotuumiza zaidi ni kasoro za lugha. Kwa hiyo zinatuhusu sisi, hata kama hatujui kuandika mstari mmoja wa programu.

Tuanze na mkalimani mwenyewe. JavaScript ilibuniwa na Brendan Eich katika kampuni ya Netscape mwezi wa tano mwaka 1995, kwa muda wa siku kumi hivi. Leo wakalimani wake wakubwa, kama ule uitwao V8 ulio ndani ya Chrome, hutumia kumbukumbu nyingi. Kwa vifaa vidogo wametungwa wengine. Samsung walitoa JerryScript, unaoweza kufanya kazi katika kifaa chenye kumbukumbu isiyofika kilobaiti 64. Fabrice Bellard wa Ufaransa alitoa QuickJS mwaka 2019. Mwaka huohuo Facebook walitoa Hermes kwa ajili ya programu za simu zinazotungwa kwa React Native, na tangu toleo la 0.70 la mwaka 2022 Hermes ndio unaokuja wenyewe bila kuombwa. Hermes hutafsiri maagizo kabla programu haijafika kwenye simu, ndiyo maana programu hufunguka upesi hata kwenye simu ya bei nafuu.

Sina ugomvi na wepesi huo. Mwanafunzi anayenunua mega kwa franka mia tano hawezi kudharau programu ndogo. Simu yenye kumbukumbu kidogo na betri iliyochoka inahitaji mkalimani asiye mlafi. Waliotunga wakalimani hawa walifikiria simu kama zetu, na tuwashukuru. Lakini anayepunguza mzigo lazima achague kitu cha kuacha nyuma, nasi tuna haki ya kuuliza ni kitu gani kilichoachwa.

Kilichoachwa ni lugha. JavaScript ina vitabu viwili vya kanuni. Cha kwanza, ECMA-262, kinaeleza sarufi yake. Cha pili, ECMA-402, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 2012, kinaeleza jinsi ya kuandika namba, tarehe, fedha na mpangilio wa majina kwa desturi ya kila lugha. Kitabu hiki cha pili si cha lazima. Mkalimani anaweza kukiacha chote na bado akahesabiwa kuwa anaijua JavaScript vizuri. Maelezo ya QuickJS yanasema wazi kwamba ECMA-402 haimo. Hermes nao ulizaliwa bila hicho, ukakipata kwenye Android mwaka 2021, na kwenye iPhone baadaye. Hata kabla ya Hermes, watunga programu wa React Native kwa Android walipewa matoleo mawili ya mkalimani: moja jepesi, na jingine lenye hazina ya lugha. Hilo la pili lilikuwa zito zaidi kwa megabaiti sita hivi, na maelezo yake yalisema kwamba linahitajika ili kupata majibu sahihi kwa lugha na desturi zisizo za Kiingereza cha Marekani. Msomaji, soma tena sentensi hiyo. Dunia nzima nje ya Marekani ilikuwa ni nyongeza ya megabaiti sita, na kwa kawaida ilibaki nje.

Ni sawa na mtahini anayeondoa karatasi ya lugha katika mtihani, kisha akatangaza kwamba wanafunzi wote wamepata alama za juu.

Sasa tushuke sokoni tuone madhara. Sisi huku, kwa kuwa tulisoma shule kwa desturi ya Kifaransa na Kibelgiji, tunaandika nusu kwa mkato: kilo 1,5 ya samaki. Maelfu tunayatenga kwa nukta au kwa nafasi: franka 12.500, au 12 500. JavaScript inajua desturi moja tu ya kusoma namba, na katika desturi hiyo nukta ndiyo inayotenga nusu. Tuseme mama anayeuza samaki ana programu ya kuandika madeni. Anaandika 1,5. Amri ya JavaScript inayotumiwa mara nyingi kusoma namba itasoma 1, itafika kwenye mkato, itasimama. Nusu kilo imepotea, na hakuna onyo lolote. Akiandika 12.500, mashine itasoma kumi na mbili na nusu. Akiandika 12 500 kwa nafasi, itasoma kumi na mbili. Amri nyingine iliyo kali zaidi ingekataa 1,5 na 12 500 na kujibu NaN, yaani kitu hiki si namba. Jibu hilo lingekuwa la ukweli zaidi, lakini mama yule hangelielewa, na deni lake lisingeandikwa.

Mhandisi atatuambia kwamba hiyo si kasoro ya mkalimani mwepesi, kwa sababu hata V8 husoma hivyohivyo; kanuni ndiyo inayosema hivyo. Ni kweli. Lakini mkalimani aliye na hazina ya lugha anampa mtunga programu njia ya kujua kama watu wa mahali fulani hutumia mkato au nukta, ili asahihishe mwenyewe kabla ya kuhesabu. Mkalimani asiye na hazina hiyo hawezi kumjibu. Na wakati wa kuandika jibu kwenye kioo, ama ataacha tarakimu zikifuatana bila kutengwa, ama atazitenga kwa desturi ya Kimarekani: 12,500. Mtu wa Kisangani akisoma 12,500 anaona kumi na mbili na nusu. Katika nchi ambapo tunalipa kwa franka na kwa dola ndani ya duka moja, kosa la namna hii linaweza kumgharimu mtu faida ya siku nzima.

Kuna jambo jingine ambalo wanaisimu wa Kiswahili wangepaswa kulipigia kelele. Hazina ya lugha ambayo mashine huisoma inaitwa CLDR, na inatunzwa na shirika la Unicode. Ndani yake Kiswahili kina alama sw, na Kiswahili cha Kongo kina alama sw-CD. Ukiomba sw peke yake, unapewa desturi ya Tanzania: mkato kwa maelfu, nukta kwa nusu. Ukiomba sw-CD, unapewa desturi yetu: nukta kwa maelfu, mkato kwa nusu. Kwa hiyo lugha ni moja na maneno ni yaleyale, lakini namba moja inasomeka kwa maana mbili. Mtunga programu wa Dar es Salaam au Nairobi anayetaka kutuuzia programu yake ya Kiswahili, sasa ambapo Kongo imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu mwaka 2022, anaweza kudhani kwamba Kiswahili ni Kiswahili, akaandika sw, na akaishia hapo. Hatakuwa na nia mbaya. Ila hakuna aliyemwambia.

Majina pia yanaumia. Bila hazina ya lugha, mashine hupanga majina kwa namba ya siri ya kila herufi. Herufi É ina namba kubwa kuliko Z. Basi katika orodha ya darasa Élisabeth atawekwa nyuma ya Zawadi, na anayemtafuta kwenye herufi E atasema hayumo. Katika orodha ya waliofaulu mtihani, kutoonekana si jambo dogo.

Kwa nini kasoro hizi zinadumu? Sababu ya kwanza ni kwamba anayetunga programu haioni. Kwa miaka mingi, mtunga programu wa React Native aliyekuwa akitafuta makosa kwa kutumia Chrome alikuwa akiendesha JavaScript yake ndani ya Chrome kwenye kompyuta, si ndani ya simu. Pale alikuwa na mkalimani mkubwa mwenye hazina kamili. Namba zilitoka sawa, tarehe zikatoka sawa, akafunga kazi. Programu ilipofika kwenye simu ikakutana na mkalimani mwepesi, na majibu yakabadilika. Sababu ya pili ni kwamba makosa hayapewi uzito sawa. Kosa linaloweza kumruhusu mwizi kusoma kumbukumbu ya simu hupewa namba katika orodha ya CVE. Tangu mwaka 2020 makosa kadhaa ya Hermes yameingia humo, na hiyo ni kazi njema. Lakini kosa linalomfanya mama apoteze nusu kilo halipewi namba katika orodha yoyote. Huitwa upungufu, au jambo la kufikiriwa baadaye.

Nasikia pingamizi mbili. Ya kwanza: sisi programu zetu ni za Kifaransa, Kiswahili cha nini? Najibu kwamba mkalimani mwepesi asiye na hazina amekiacha Kifaransa pia; mkato wa Kifaransa umepotea pamoja na wetu. Na Katiba ya mwaka 2006 inataja Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Lingala na Tshiluba. Lugha ya taifa isiyoweza kuandika bei sawasawa kwenye simu inaheshimiwa kwenye karatasi tu.

Pingamizi ya pili ni nzito zaidi: mkalimani akibeba hazina yote hatakuwa mwepesi tena, na maskini ndiye atakayelipa mega. Hapa historia ya Hermes inatupa jibu. Walipoongeza kitabu cha pili kwenye Android, hawakubeba hazina yao wenyewe. Waliazima ile iliyokwisha kuwemo ndani ya Android. Njia ipo, basi, ya kuwa mwepesi bila kuwa bubu. Ina kasoro yake: hazina inayoazimwa hutegemea toleo la Android, na simu ya zamani inaweza kujibu tofauti na simu mpya. Lakini hilo ni tatizo la kupima na kusahihisha. Si sababu ya kukata tamaa.

Na kupima ndiko tunakoweza sisi. Naomba wenzangu tufanye mambo matatu. Kwanza, tutengeneze orodha fupi ya majaribio ya Kisangani: namba ishirini zilizoandikwa kama zinavyoandikwa kwenye soko kuu, majina ishirini yenye É na Ï, tarehe kumi za siku mbele ya mwezi. Tuzijaribu kwenye simu tulizonazo, hasa za zamani. Pili, tuandike taarifa za makosa. Hermes na QuickJS wote ni mali ya wazi, na mtu yeyote anaweza kuwaandikia wanaowatunza. Taarifa njema ina sehemu tatu: nilifanya nini, nilitegemea nini, nilipata nini. Hiyo ni insha fupi, na sisi ndio tunaosomea insha. Tatu, tuingie katika kazi ya CLDR yenyewe, ambako Unicode hupokea na kupigia kura maneno na desturi za kila lugha.

Hili la tatu litatugawanya, na ni vizuri litugawanye. Zamani hazina hiyo ilikuwa na Kiswahili cha Kongo kwa alama ya pekee, swc, na humo miezi iliitwa «mwezi ya kwanza», «mwezi ya pili», na Jumapili ikaitwa «siku ya yenga». Walimu wetu wa sarufi watasema ni «mwezi wa kwanza». Mtu wa Mangobo anayesema «mwezi ya kwanza» kila siku atauliza wamemkosea nini. Mimi naona tuanze na namba, kwa sababu juu ya mkato hatuna ubishi, kisha tubishane juu ya miezi tukiwa na rekodi za jinsi watu wanavyosema kweli hapa mjini. Ni mada ya TFC iliyo bora kuliko nyingi tunazorudia kila mwaka, na matokeo yake hayataishia kwenye rafu ya maktaba.

Wahandisi hawawezi kujua kwamba hapa mkato ni nusu na nukta ni elfu mpaka mtu wa hapa awaandikie. Taarifa moja iliyoandikwa vizuri inatosha kuanza, nayo haigharimu hata mega kumi.