Ana D ya Fizikia na E ya Hesabu: tumpeleke chuo gani?

Kwa kaka na wifi, na kwa kila mzazi ambaye matokeo ya kidato cha sita yamemkosesha usingizi,

Picha ya matokeo ya kijana wenu imenifikia: Kemia C, Fizikia D, Hesabu E. Kabla sijamaliza kuisoma ukaingia ujumbe wa sauti wa wifi, kwamba nimtafutie chuo cha uhandisi huku Marekani kwa sababu huko nyumbani ameshakosa. Najua ujumbe wa namna hiyo hutumwa Houston, London na Toronto kila matokeo yakitoka, ndiyo maana nimeamua kujibu hadharani.

Tuanze na hizo alama, maana mnazilia kuliko zinavyostahili. C ni pointi 3, D ni 2, E ni 1. Kiwango cha chini cha TCU, tume ya vyuo vikuu, kuingia shahada ni ufaulu wa masomo mawili yenye jumla ya pointi 4. Kwa Kemia na Fizikia kijana ana 5, kwa hiyo chuo kikuu hakijamfungia mlango. Ila kozi nyingi za uhandisi hutaka masomo hayo mawili yawe Fizikia na Hesabu, na hapo ana 3. Amekosa kwa pointi moja. Sasa ndugu wameanza kumshauri achukue shahada yoyote itakayompokea, ilimradi jina litoke kwenye orodha ya waliochaguliwa. Mimi sikubali. Mtoto aliyekuwa akifungua redio za babu yake tangu darasa la nne tusimpeleke kusoma kitu asichokitaka ili sisi tupate la kusema harusini.

Na huku je? Kuna vyuo vya kijamii vya miaka miwili ambavyo karibu havimkatai mtu. Baadhi ya wahandisi ninaofanya nao kazi walianzia huko, wakahamia chuo kikuu mwaka wa tatu, na leo hakuna anayewauliza walianzia wapi. Ni njia nzuri, siibezi hata kidogo. Lakini unafuu wake ni wa mkazi wa jimbo. Mgeni hutozwa ada ya juu zaidi, mikopo ya serikali kuu haimhusu, na kabla ya kuomba viza lazima aonyeshe fedha za kumtosha mwaka wa kwanza. Kazi anayoruhusiwa kwa kuanzia ni ya hapo hapo chuoni, isiyozidi saa 20 kwa wiki wakati wa masomo. Wanaowasimulia kwamba atafika, atafute kibarua na kujilipia ada, hawawaambii kwamba kibarua cha mtaani kinaweza kumpotezea viza.

Halafu kuna Hesabu, na hapa naomba mnisikilize kwa makini. Kabla ya kupangiwa masomo atapimwa kiwango chake. Akiangukia aljebra, itabidi aimalize ndipo aende trigonometria, kisha kalkulasi ya kwanza, ya pili, ya tatu, na bado. Fizikia ya wahandisi inasubiri kalkulasi, na mekanika inasubiri Fizikia. Kila somo ni muhula mzima unaolipiwa kwa ada ya mgeni, na akianguka moja, yanayolifuata yote yanasimama. Hivyo ndivyo miaka miwili inavyogeuka minne huku mzazi akidhani mtoto anazembea. Nikiri upande wa pili: mtoto wa PCM, yaani Fizikia, Kemia na Hesabu, hata mwenye E, ameshaiona kalkulasi ambayo wenzake wengi wa huku hukutana nayo wakiwa chuoni. Akijinoa miezi sita anaweza kuanzia mbele. Lakini kama ni kujinoa, si anaweza kujinoa akiwa kwenu Tabata, akila ugali wa mama yake?

Ndiyo maana nasema aende stashahada, hapo hapo nyumbani. Wifi, najua unavyolipokea neno hilo. Kwako ni kama kumshusha daraja. Tazama basi ilivyo. DIT, taasisi ya teknolojia ya Dar es Salaam, ilianza mwaka 1957 kama chuo cha ufundi, na hadi leo inatoa stashahada na shahada za uhandisi katika eneo lilelile. MUST, chuo kikuu cha sayansi na teknolojia kule Mbeya, ilitokana na chuo cha ufundi pia. Chuo cha Ufundi Arusha, kilichoanzishwa mwaka 1978 kwa msaada wa Wajerumani, kina tawi la Kikuletwa linalofundisha umeme wa maji. Anayependa maji kuna Chuo cha Maji, Ubungo. Anayependa magari na ndege kuna NIT, chuo cha usafirishaji, Mabibo. Kwa ufaulu wake wa kidato cha sita, vyuo kadhaa vinaweza kumruhusu aruke hatua ya mwanzo. Hilo mliulize chuo kwa chuo na mpewe jibu la maandishi. Akimaliza na wastani wa 3.0 au zaidi, anastahili kuomba shahada ya uhandisi, na kozi hiyo ikimpokea, ile E haitakuwa na la kusema tena.

Kwa jumla ni miaka sita au saba, sitawaficha. Tofauti ni kwamba njiani ataokota cheti cha fundi sanifu, na Bodi ya Usajili wa Wahandisi inasajili mafundi sanifu vilevile. Fedha zikikata, anasimama na kazi mkononi. Aliyekwama mwaka wa pili wa shahada ana karatasi ya matokeo tu. Isitoshe, tangu mwaka wa masomo 2023/24 Bodi ya Mikopo inakopesha baadhi ya wanafunzi wa stashahada pia, kwa fani maalumu. Angalieni kama yake imo.

Sasa kuchagua. Kaka, chukua siku moja ya kazi, si Jumamosi, uende naye hadi karakana. Usiende na suti. Angalia chini ya mashine ya kukereza vyuma: kama kuna vinyuzi vya chuma vilivyojikunja na mafuta bado mabichi, watu wanafanya kazi. Kama sakafu inang'aa na mashine zimefunikwa turubai lenye vumbi, hizo ni za kuonyesha wageni. Hesabu vituo vya kazi, kisha uulize wanafunzi wangapi wanagawana kituo kimoja. Halafu mwache kijana azungumze na wenzake wa mwaka wa pili bila wewe kuwepo. Awaulize nani hufundisha Hesabu, je, huwa anaingia darasani, na ni wangapi waliodisko, yaani walioondolewa chuoni kwa kufeli, mwaka jana na kwa somo lipi. Hayo hutayakuta kwenye kipeperushi chochote.

Kabla ya kulipa hata shilingi, hakikisheni chuo na kozi yenyewe, vyote viwili, vinatambuliwa: stashahada kwa baraza la elimu ya ufundi (NACTVET), shahada kwa TCU, na kwa mhandisi ulizeni pia msimamo wa Bodi ya Usajili. Majirani zetu Kenya wameonja shubiri hii, pale wahitimu walipojikuta katikati ya ugomvi wa vyuo vikuu na bodi ya wahandisi, wana shahada lakini hawasajiliwi. Hata huku ni hivyo hivyo. Orodha ya kozi zilizoidhinishwa na ABET, chombo kinachokagua kozi za uhandisi, iko wazi mtandaoni, bure. Na muwe macho: huku kuna shahada ya uhandisi na kuna shahada ya teknolojia ya uhandisi, majina yanafanana, lakini katika baadhi ya majimbo hii ya pili haimfikishi mtu kwenye leseni.

Sasa yule wakala wa vyuo vya nje, wa Kariakoo. Barua aliyowaletea ya "amekubaliwa" nimeisoma. Chuo hicho hakina kozi ya uhandisi kabisa. Kuomba chuo huku ni kazi ya mtoto mwenyewe na intaneti. Ada ya maombi hulipwa chuoni moja kwa moja, na vyuo vingine havitozi. Chochote anachowatoza zaidi ya hapo ni bei ya tai yake.

Fomu ya udhamini mliyonitumia sijaisaini, na mwaka huu sitaisaini. Nitalipa mwalimu wa Hesabu kuanzia wiki ijayo, jioni tatu kwa wiki, hadi chuo kifunguliwe. Akitaka kurisiti Hesabu mwezi Mei kama mtahiniwa wa kujitegemea huku akisoma stashahada, ada ya mtihani juu yangu, mradi ratiba za chuo na za mtihani zisigongane. Nitumieni majina ya vyuo vitatu mlivyokwenda kwa miguu yenu, pamoja na picha za karakana. Na simu ya kijana iwashwe Jumapili saa mbili usiku. Nataka kuongea naye mwenyewe, kwa sababu mpaka sasa hakuna aliyeniambia yeye anataka umeme au mitambo.

Wenu,
Shangazi, Columbus, Ohio