Kompyuta Kuukuu na Mtandao wa Waya: Eldas Ilaumiwe kwa Lipi?

Miongoni mwa mambo yanayosemwa kwa wepesi mno kuhusu kaskazini mashariki mwa Kenya ni kwamba mtandao wa huko ni wa polepole kwa sababu huko ni mbali. Kauli hii husemwa Nairobi na wauzaji wa vifaa, husemwa Garissa na mafundi, na la kusikitisha zaidi, husemwa Eldas kwenyewe na wenye kompyuta. Pindi ukurasa wa wavuti unapokawia kufunguka, hukumu hutolewa papo hapo: ama umbali ndio wa kulaumiwa, ama kompyuta imezeeka na wakati wa kununua nyingine umewadia. Hukumu zote mbili zina chembe ya ukweli, na hapo ndipo ulipo ubaya wake, kwani hufunga mlango wa uchunguzi kabla haujafunguliwa.

Suala hili si dogo kama linavyoonekana. Eldas, katika Kaunti ya Wajir, ni mji ambao umeme wake umekuwa ukitoka katika kituo cha papo hapo kinachotumia dizeli na miale ya jua, wala si katika gridi ya taifa. Tangu serikali ilipoanzisha eCitizen mwaka 2014, huduma moja baada ya nyingine zimehamishiwa mtandaoni. Mwanafunzi anayeomba mkopo wa HELB au anayechagua chuo kupitia KUCCPS hana dirisha la ofisi la kubisha hodi. Ana skrini tu, na skrini hiyo ina tarehe ya mwisho. Kompyuta ya mezani iliyonunuliwa miaka kumi na mitano iliyopita ndiyo mali ya nyumba nzima, na pengine ya nyumba za jirani. Kuambiwa itupwe ni kuambiwa mbuzi kadhaa wauzwe. Ikiwa kosa lilikuwa katika kipande cha waya, basi mbuzi hao wameuzwa bure. Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Wauzaji wa kompyuta wanaijua methali hii kuliko walimu wa fasihi simulizi.

Jambo la kwanza linalopaswa kuwekwa wazi ni maana ya mtandao wa waya. Katika mji kama Eldas, waya unaoingia nyuma ya kompyuta aghalabu hautoki Wajir wala Nairobi. Hutoka kwenye ruta iliyo katika chumba kile kile au cha pili, na ruta nayo hupokea mawasiliano kutoka mnara wa simu au dishi la setilaiti. Waya ni mita chache za mwisho za safari ndefu. Anayelalamikia umbali na anayelalamikia kompyuta wote huziruka mita hizo, ilhali ndizo pekee ambazo mwenye nyumba anaweza kuzishika kwa mkono wake.

Uchunguzi, basi, uanzie hapo. Kompyuta yoyote, hata ya zamani, inaweza kuamriwa ipeleke ujumbe mfupi kwa ruta na kupima muda wa jibu kurejea. Amri yenyewe huitwa pingi katika lugha ya mafundi. Kwenye waya mzima, jibu hurejea kwa milisekunde 1 au 2, na katika ujumbe 100 hakuna hata mmoja unaopaswa kupotea. Ukipotea mmoja baada ya mwingine, umbali wa Nairobi hauhusiki hata kidogo. Kosa li ndani ya chumba: waya umebanwa na mlango, umetafunwa na panya, kichwa chake cha plastiki kimelegea, au tundu lake limejaa vumbi, na vumbi la Wajir halihitaji kuelezwa. Dawa ya kwanza ni kuazima waya wa jirani na kurudia jaribio.

Hapa mafundi wengi hukosea. Wakiona waya ni wa daraja la zamani, husema huo ndio unaopunguza kasi. Waya wa mtandao una nyuzi 8 zilizosokotwa katika jozi 4. Kasi ya megabiti 100 kwa sekunde hutumia jozi 2 tu. Kasi ya megabiti 1,000 huhitaji zote 4. Uzi mmoja ukikatika katika jozi zile mbili za ziada, kasi ya waya hushuka kutoka 1,000 hadi 100. Lakini ikiwa huduma inayolipiwa ni ya megabiti 5, ni nani atakayeuona upungufu huo? Waya wa zamani ulio mzima si kosa. Waya unaopoteza ujumbe ndio kosa, uwe mpya au mkuukuu. Kutochambua tofauti hii ndiko kunakomfanya mteja anunue waya wa bei ghali na kubaki pale pale alipokuwa.

Liko kosa jingine la kificho zaidi. Kadi ya mtandao na ruta hupatana zenyewe juu ya kasi, na juu ya iwapo zitazungumza kwa wakati mmoja au kwa zamu. Zamani mafundi walizoea kuingia katika mipangilio na kuilazimisha kadi izungumze bila kungoja zamu, wakiamini kwamba wanaiongezea nguvu. Ruta iliyoachwa ijipange yenyewe haielewi lazima hiyo, hivyo huchukua mtindo wa zamu. Matokeo yake ni watu wawili wanaokatizana kauli. Pingi hupita vizuri kwa kuwa ni ndogo. Faili kubwa ikianza kushuka, kila kitu hukwama. Kuirudisha kadi katika hali ya kujipanga yenyewe humaliza tatizo kwa dakika moja, bila senti.

Waya na kadi vikithibitika kuwa vizima, ndipo kompyuta yenyewe inapostahili kushukiwa. Swali ni hili: ni mtandao uliochelewa kuleta ukurasa, au ni kompyuta iliyochelewa kuuchora? Kurasa za siku hizi ni nzito, na kompyuta yenye kumbukumbu ndogo huhema kuzipanga hata kama zimekwisha kufika zote. Ushahidi unapatikana katika kidirisha kinachoonyesha kazi za kompyuta. Ikiwa akili ya mashine imefikia asilimia 100 huku mtandao umetulia, basi ruta haina hatia. Feni iliyozibwa na vumbi huzidisha tatizo, kwa sababu kichakataji kikipata joto kupita kiasi hujipunguzia mwendo chenyewe. Brashi laini na kuongeza kumbukumbu vitasaidia. Kulipia huduma ya juu zaidi hakutasaidia.

Na kama ni mtandao ndio ulioelemewa huku mwenyewe hafanyi lolote, achunguze ni programu gani inayokula kimyakimya. Masasisho ya mfumo endeshi hayajui kwamba mwenye nyumba ananunua data kwa kipimo. Windows 10, kwa mfano, inaweza kuambiwa kwamba waya huo una kikomo cha matumizi, nayo ikapunguza ulafi wake. Huduma ya kawaida ya mfumo huo ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025, kama ile ya Windows XP ilivyokoma Aprili 2014. Kompyuta nyingi kuukuu zitaishi maisha marefu zaidi zikiwekewa Linux nyepesi kuliko zikilazimishwa kubeba mfumo usiowaza habari zao.

Pamoja na hayo yote, umbali una kesi yake ya kujibu, nayo inastahili kusikilizwa kwa makini kuliko inavyosikilizwa. Kabla ya nyaya za baharini TEAMS na SEACOM kufika Mombasa mwaka 2009, Kenya nzima ilitegemea setilaiti kuwasiliana na mtandao wa dunia. Pwani na miji mikubwa ikaihama setilaiti. Sehemu nyingi za kaskazini mashariki zikabaki nayo. Setilaiti ya zamani hukaa juu ya ikweta kwa kimo cha kilomita 35,786. Ombi hupanda na kushuka, jibu nalo hupanda na kushuka: jumla ni kilomita zaidi ya 143,000. Hata kwa mwendo wa mwanga, safari hiyo huchukua karibu nusu sekunde, na kazi za mitambo ya njiani huweza kuifikisha sekunde 0.6.

Watu wa Wajir hawahitaji mhandisi awaeleze maana ya jambo hili, wana visima. Maji yanayopatikana kwa saa moja hayategemei wingi wa maji kisimani peke yake. Hutegemea pia urefu wa kamba na ukubwa wa ndoo. Kompyuta hupokea data kwa ndoo, kisha hutoa taarifa kwamba imepokea, ndipo iletewe ndoo nyingine. Katika Windows XP, ilivyokuja kutoka kiwandani, ndoo hiyo haikuweza kuzidi baiti 65,535. Kamba ikiwa na urefu wa sekunde 0.6, ndoo hiyo huleta takriban kilobaiti 109 kwa sekunde kwa kila muunganisho, ambazo hazifiki hata megabiti 1. Mwenye dishi anaweza kulipia megabiti 4, akalipia 8, na faili lake likaendelea kushuka kwa kasi ile ile. Ameongeza maji kisimani, ndoo haijabadilika. Mifumo iliyofuata, kuanzia Windows Vista ya mwaka 2007, hupanua ndoo yenyewe kulingana na urefu wa kamba, na baadhi ya mitambo ya setilaiti huwa na hila za kuufupisha ungojeaji huu. Lakini wapo walioilipa kampuni nyongeza kwa miaka bila kuambiwa lolote kuhusu ndoo.

Hapo ndipo lugha inapoingia, na ndipo wanafunzi wa Kiswahili wanapopaswa kuulizwa wanafanya nini. Kwa muda mrefu vikao vya lugha vimeteketeza saa nyingi vikibishana iwapo kifaa hiki kiitwe kompyuta, tarakilishi au ngamizi. Mjadala huo una utamu wake. Hata hivyo, mtu wa Eldas akisema mtandao hauna kasi, neno kasi limebeba mambo mawili yasiyofanana: wingi wa data unaopita kwa sekunde, na muda wa kungoja jibu la kwanza. Cha kwanza kinaweza kuitwa upana, cha pili ukawiaji. Majina hayo si lazima, mradi mambo hayo yatenganishwe. Muuzaji huuza upana. Tatizo la mteja mara nyingi ni ukawiaji. Maadamu wote wawili wanatumia neno moja, muuzaji atashinda daima. Aidha, huduma hutangazwa kwa megabiti ilhali kompyuta huonyesha megabaiti, na baiti moja ni biti 8. Anayelipia megabiti 8 akaona 1 kwenye skrini hajaibiwa, ila hakuna aliyemweleza kwa lugha anayoielewa.

Haiwezi kusemwa kwamba wataalamu wa Kiswahili wamelala. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, nayo Microsoft ikafuata kwa kuvalisha bidhaa zake Kiswahili. Kazi hizo zinastahili heshima. Ila kilichotafsiriwa kilikuwa menyu, yaani maneno ya mahali pa kubofya wakati kila kitu kinakwenda sawa. Maarifa ya nini kifanywe mambo yanapokwenda kombo yalibaki katika Kiingereza. Eldas lugha ya nyumbani ni Kisomali, na Kiswahili ndicho kinachomkutanisha mwenye kompyuta na fundi aliyetoka kwingine. Kurasa mbili za Kiswahili kinachoeleweka, zenye majaribio haya kwa mpangilio wake, zikibandikwa ukutani mwa shule ya upili na ofisi ya kata, zingefanya kazi ambayo orodha ya istilahi mia tano haijaifanya.

Watakuwepo watakaosema kwamba yote haya yamepitwa na wakati, kwa kuwa Starlink iliingia Kenya Julai 2023 na setilaiti zake huzunguka kwa kimo cha takriban kilomita 550 tu. Ni kweli kamba imefupishwa sana, na mwenye uwezo wa kuinunua atapumua. Lakini ruta ya kizazi cha pili ya huduma hiyo, ambayo wengi waliinunua, haikuwa na tundu la waya. Kompyuta ya mezani isiyo na kadi ya kupokea mawimbi haiunganiki nayo mpaka kinunuliwe kifaa cha ziada. Anayeiagiza kwa ajili ya kompyuta kuukuu na aulize kwanza kuhusu tundu hilo kabla ya kutoa fedha, na ruta ikifika, apime pingi ya waya wake hata kabla ya kufungua ukurasa wa kwanza.