Siasa Kali Huzaliwa Mlango Unapofungwa



Siad Barre alipoanguka Januari 1991, Somalia ilipoteza serikali na shule kwa pamoja. Wakimbizi wake tuliwapokea hapa Kakuma. Vijana waliobaki bila kalamu walipewa bunduki, na baadaye Al-Shabaab wakavuna.

Kenya nayo ina lawama. Mwaka 1992, ingawa vyama vingi vilikwisha kuruhusiwa, chama cha Kiislamu cha IPK kilinyimwa usajili, na Mombasa ikakumbwa na ghasia. Mlango wa halali ukifungwa, wachochezi hufungua wa nyuma.

Tarehe 2 Aprili 2015 watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, wengi wao wanafunzi. Je, tuwachukie Waislamu? La hasha! Desemba hiyo hiyo, karibu na El Wak, abiria Waislamu walikataa kutengwa na wenzao Wakristo. Mmoja wao, Mwalimu Salah Farah, alipigwa risasi, akafariki Januari 2016.

Tumuenzi kwa kudai walimu na madarasa kaskazini kote, na uhuru wa siasa kwa kila raia. Haki anayonyimwa jirani leo, kesho tutanyimwa sisi.